Kiti cha Pili cha Fundi Kabati

Kwa majonzi, na kwa fahari kidogo, umma unatangaziwa kwamba fundi wa makochi anayejulikana kama Kabati amekuwa mzee wa kwanza katika ukoo wake kupanda ndege, na wa pili pia, kwa kuwa zilikatwa tiketi mbili na zote akazikalia yeye.

Jina la Kabati hakupewa na wazazi. Alipewa na mafundi wenzake siku alipokwama kwenye mlango wa karakana akiwa hajabeba kitu. Kutwa nzima hukata sponji, huvuta kitambaa, hupigilia misumari midogo aliyoibana midomoni. Mteja akiuliza kama kochi la watu watatu ni imara, Kabati hujibwaga katikati yake, kisha humtazama mteja kimya. Bei hukubaliwa hapo hapo. Lakini huo mwili unaomuuzia makochi humgeuka akifika mbele za watu. Akialikwa mahali husimama mwanzo hadi mwisho, eti mgongo unamsumbua, kumbe ameona viti ni vya plastiki.

Sasa binti yake, aliyeolewa nchi ya mbali, akajifungua mtoto wa kwanza. Nauli ikapatikana ya babu na bibi. Wakaenda kwa mkata tiketi, dada mpole, ambaye alimtazama Kabati, akakohoa, akasema, "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Kiti kimoja kitakuonea."

Ndivyo nauli ya bibi ilivyogeuka kiti cha pili cha babu. Kabati alitaka ardhi ipasuke, ila naye ni mpana, ingebidi ipasuke sana.

Mkewe hakununa hata kidogo. Mtaa mzima humwita Mama Pointi, maana huyu mama ana kadi ya kila duka, na aliwahi kununua sabuni ya kufulia mpaka ikakosa pa kuwekwa, ili tu ajipatie birika la bure.

"Usijitese, baba watoto," alisema. "Ndege nazo zina pointi. Zikijaa unapewa safari ya bure. Kile kiti cha pili tunaandika jina langu na namba yangu ya uanachama. Wewe unakaa, mimi nakusanya. Baadaye nami naruka zangu."

"Lakini yule dada kasema viti vyote viandikwe jina langu."

"Anajua nini yule? Nikinunua unga mimi ukala wewe, pointi anapewa nani?"

Kabati akakubali liandikwe jina la mkewe. Unga alikuwa ameula kweli.

Kilichomnyima raha ni mkwe wake, mama mzazi wa mume wa binti yao, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya kunyamazisha shule nzima bila kengele. Naye alikuwa anakwenda kumwona mjukuu, kwa ndege hiyo hiyo. Kabati alikuwa radhi asafiri kwenye mizigo kuliko mkwe ajue kwamba amekalia nauli ya mkewe. Walipokutana uwanjani akamwahi: "Mama watoto goti limemzidi. Kabaki nyumbani."

"Maskini! Pole yake."

Ndani ya ndege Kabati aliinua kile chuma cha kuegemeza mkono, akajimimina kwenye viti vyote viwili, kisha akatandaza koti upande wa dirishani ili paonekane pana mwenyewe. Mkwe alikuwa kiti cha ng'ambo ya njia.

"Jirani yako vipi, mkwe?"

"Anakuja."

Milango haikufungwa. Mama Pointi alikuwa amejiandikisha kwa simu tangu asubuhi, akiwa jikoni, akiamini hayo yanatosha kuhesabiwa. Kwa hiyo kipaza sauti kikalitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, kikamwomba abiria huyo ajitokeze, anasubiriwa yeye tu.

Kabati akajitia hamnazo, akaanza kusoma maelekezo ya kuvaa boya.

"Mkwe!" Mwalimu Mkuu alishtuka. "Si mkeo huyo? Kumbe kajikaza kaja! Na goti lile!" Akamgeukia mhudumu. "Wewe binti, simamisha kila kitu! Mama wa watu ameanguka huko, tena nahisi ni chooni!"

Mhudumu akapiga simu, watu wakatumwa kukagua vyoo vya uwanja. Abiria wakaanza kusonya. Jasho lilimtoka Kabati hadi kwenye kope. Halafu akaja bwana mmoja mwembamba, begi kifuani, aliyekuwa akisubiri nafasi. Mhudumu akashika lile koti.

"Mzee, abiria wako hajaja. Ngoja huyu akae."

"Dada," Kabati alinong'ona, "hicho ni changu."

"Chako ni hicho ulichokalia."

"Nimekalia vyote."

"Kwa nini, mzee?"

Akainua mikono yote miwili. "Si unaniona?"

Ndege nzima ilikuwa inaona. Mhudumu akaomba ampigie huyo mama kuhakikisha, na sauti ya Mama Pointi haijawahi kuhitaji spika.

"Nimelipa mimi, amekaa yeye! Pointi zangu msiziguse!"

"Mama, pointi anapata anayesafiri. Mngeandika jina la mzee kote kote, angepata za viti viwili."

Mama Pointi akauliza kwa sauti ndogo: "Viwili?"

"Sasa cha pili hakina pointi hata moja. Wewe umehesabiwa umeachwa na ndege."

Mhudumu alitazama nafasi iliyobaki kati ya Kabati na dirisha, ambayo haikuwepo, akamrudisha bwana mwembamba alikotoka. Mlango ukafungwa. Nyuma mtu alikuwa anacheka ndani ya kitambaa.

"Kwa hiyo goti…" alianza Mwalimu Mkuu.

"Goti zima, mkwe." Kabati hakuthubutu kugeuza shingo. "Nauli yake ndiyo hii nimeikalia. Nilikudanganya."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akazungumza kama yuko mbele ya wanafunzi waliopanga mistari. Alisema mtu hapimwi kwa rula. Alisema amewafunza watu wengi, ila ni wachache wenye moyo wa kusimama wakasema kweli mchana kweupe. Mjukuu wao, alisema, ana bahati kupata babu wa namna hii. Abiria wa mbele wawili wakapiga makofi. Akamwinamia machozi yakimlenga.

"Sema neno, mkwe wangu. Moyoni unasikiaje?"

"Niitie yule mhudumu, mkwe. Mkanda haufiki."