Nafasi Yangu ya Kushoto

Miaka thelathini na moja nimekaa kushoto kwa Sonaullah, mume wangu, kwenye benchi la kufumia mazulia, hapa hapa Srinagar. Yeye husoma karatasi ya nakshi kwa kuimba, "Nyekundu mbili, weka!" nami nafunga mafundo na kumwitikia, "Nimeweka!" Kwetu mfumaji hahami nafasi yake mpaka zulia liishe na kukatwa kwenye kitanda cha kufumia. Ukihama, nakshi inaharibika. Ndivyo tulivyofunzwa, na mimi ni mbishi.

Kiharusi kilimpata wakati wa theluji. Alipotoka hospitali alikula wali wa upande wa kulia tu, kisha akalalamika, "Mama Rafika, siku hizi unaninyima chakula?" Nikaizungusha sahani. "Kumbe ulikuwa umeuficha!" Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Daktari alisema macho mazima, masikio mazima. Ni ubongo uliosahau kwamba kuna upande wa kushoto.

Tukarudi kwenye benchi. Bila kazi ile mume wangu si mtu, namjua. Akaimba, "Bluu tatu, weka!" Nikaitikia. Akageukia kulia, akaliambia dirisha, "Mbona hujitokezi nikuone?"

"Niko huku, baba Rafika!" nikapaza sauti. Akazidi kulitazama dirisha. Siku ya tatu alinyamaza katikati ya mstari, akaikunja karatasi.

Jioni nikamsikia akimwambia mdogo wake, Gulla, "Mke wangu Mugli kanikimbia. Nani amtake mgonjwa? Sauti yake naisikia, lakini ni mawazo yangu tu. Sifumi tena."

Loo! Hasira zilinipanda. Nimemwogesha, nimemlisha, halafu nimemkimbia?

"Shemeji, si uhamie kulia tu?" Gulla akaniambia.

"Zulia halijakatwa!"

"Haya, baki na zulia, mume umpoteze."

Alinichoma, mshenzi yule, maana alisema kweli.

Asubuhi nikapeleka mto wangu kulia kwa Sonaullah, nikaketi. Aliniangalia muda mrefu, akanishika shavu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kwetu mara moja."

"Usiende tena bila kuniaga." Akaikunjua karatasi. "Nyekundu mbili, weka!"

"Nimeweka!" nikaitikia, machozi yakinidondokea kwenye uzi.

Siku hizi akisinzia mchana, nahamia kushoto nikafunge mafundo ya upande huo, ambao yeye huuruka akisoma. Akianza kujigeuza, narudi kulia mbio, asije akaamka akanikosa.