Kukalisha Springi

Nilifika Juba katika kiti cha mbele cha gari la rafiki yangu, kutoka Nakuru kupitia Malaba, Gulu na Nimule, safari iliyochukua siku tatu kwa sababu alisimama kila mji kupangusa vioo. Yeye alikuwa anarudi kwao. Alizaliwa Sudan Kusini akalelewa Nakuru, na alikuwa mtu wa Nakuru kunishinda. Mimi nilikuwa nahama tu, kama kawaida yangu. Tulikubaliana kwamba Desemba angenirudisha nyumbani kwa gari lile lile. Miji yote niliyowahi kuishi niliiacha kwa lori au basi, nikafika kwa mama usiku kama mwizi. Mara moja tu maishani nilitaka kufika mchana, nikishuka kwenye gari la maana, majirani wakiona.

Tulipanga nyumba mtaa wa Hai Malakal. Gari lilikuwa limeinuka vizuri, haliogopi shimo wala tope. Basi akalichukia. Mvua zilipokaribia kuisha aliletewa springi fupi za kulishusha gari kutoka Nairobi, nyekundu kama pipi, akatangaza kwamba gari la kijana haliwezi kusimama kama mbuzi anayechungulia ua. Kijana! Tulikuwa rika moja, miaka arobaini na kitu, na kitambi chake kilikuwa kikubwa kuliko changu.

Alizifunga mwenyewe uani, simu yenye video ameiegemeza kwenye tofali. Akakaza bolti zote gari likining'inia juu ya jeki. Mimi niliyewahi kushika spana kidogo nikamwambia bolti za huko chini hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mipira yake inajikunja na kulizuia kushuka.

"Wewe msee ni wa trekta," akasema. "Hizi zinakaa zenyewe. Wiki moja tu."

Jeki ilipotoka, gari lilibaki limebinua makalio. Ndipo akaanza kuzikalisha springi kwa uzito wa watu. Kila jioni alitupanga ndani ya gari lisiloenda popote: mimi mbele, na nyuma mama Mganda aliyeuza chapati langoni petu pamoja na wanakwaya wawili wa kanisa lake. Yeye alipiga magoti nje, akichomeka vidole kati ya tairi na madgadi kupima.

"Anti, sogea kushoto kidogo. Uzito wako ni baraka."

"Mimi nauza chapati, mimi si mfuko ya simenti. Na hii gari yako iko natupeleka wapi?"

"Chini, anti."

"Chini hata kaburi inatupeleka, tena bure."

Wanakwaya walicheka mpaka gari likatikisika, naye akafurahi akidhani limeshuka.

Mwishowe, Jumapili moja baada ya ibada, alilegeza zile bolti nilizomwambia, sisi tukiwa ndani. Gari likaguna, likaanguka hadi bampa likakaribia kuchota mchanga.

"Umeona?" akaniambia. "Zimekaa."

Watu wa aina yake hawashindwi kamwe. Tangu siku hiyo alizunguka mjini kwa mwendo wa jeneza, bodaboda zikimpita. "Ya zol, we bwana, beba gari yako mgongoni!" waendeshaji walimpigia kelele. Yeye aliwapungia mkono, akiamini wanamsifu.

Desemba ikafika. Nikapakia begi langu, blanketi la mama na mfuko wa simsim. Tukavuka daraja la Nile. Kwenye tuta la kwanza la Gumbo, ng'ambo ya mto, tumbo la gari likakwaruza, akashika breki kama aliyegonga mtu.

"Shuka kidogo, bro. Nikivuka utapanda."

Nikashuka, akavuka, nikapanda. Tuta la pili nikashuka tena. La tatu akaniomba nishuke na begi, na blanketi, na simsim. Akavuka pole pole, akatoka, akainama kutazama chini, akainuka akitabasamu.

"Bila wewe linapita safi kabisa," akasema, na alisema kwa moyo mweupe.

Mbele yetu kulikuwa na barabara yote ya Nimule. Nyuma lilikuja lori la kreti tupu, linarudi Uganda. Nikainua mkono.

"Hilo gari limeharibika?" dereva akauliza nikipandisha begi.

"Hapana. Liko vile mwenyewe anavyotaka."

Lori likaruka tuta bila kupunguza mwendo, likampita rafiki yangu, ambaye alikuwa amesimama katikati ya barabara na mikono kiunoni. Nilijua nitafika kwa mama usiku. Juba sijakanyaga tena.