Nyasi za Magoti ya Bibi

Watu wakijua natoka ukoo gani, hunipongeza. Sijui nimefanya nini cha kupongezwa. Hata dukani mtaa wa Bakoba, mama muuza vitenge akigundua kwamba padri fulani ni baba yangu mdogo, sauti yake hulainika, ananiambia nimebarikiwa, halafu hapunguzi bei hata kidogo, maana waliobarikiwa hawakosi. Mimi hucheka kwa adabu na kulipa.

Ni kweli ukoo wetu una watumishi wa Mungu kama kibanja kilivyo na migomba. Babu mzaa mama alikuwa shehe hapa mjini Bukoba, na watu walimbusu mkono mpaka nikawa najiuliza mkono huo hukauka saa ngapi. Upande wa baba, huko Ijumbi wilayani Muleba, mambo yalianza mapema zaidi. Baba yake babu alikuwa embandwa, kuhani wa mizimu. Watu walitoka mbali na ng'ombe na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakaingia kwenye msonge wake kwa magoti, juu ya nyasi zilizotandazwa chini. Mwanawe, yaani babu yangu, akabatizwa, akawa katekista, akachoma ngoma na mavazi ya baba yake mbele ya kijiji kizima. Baada ya hapo akawa anawapigisha magoti watoto wa mafundisho kwenye changarawe, kila aliyekosea sala. Na mwana wa babu, huyo baba mdogo, akawa padri. Wanaoabudiwa wamebadilika, magoti ni yale yale.

Mimi nafundisha shule ya msingi huko Buhembe, na baba mdogo simpigii magoti. Niliacha nikiwa sekondari, na hajanisamehe. Kwetu Wahaya mwanamke kupiga magoti akimsalimia mkubwa wake ni adabu ya kawaida, sina ugomvi nayo. Bibi yangu, mama yake baba mdogo, nimemwamkia hivyo maisha yangu yote. Kinachonichefua ni adabu iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu, mama mzazi anapompigia magoti mtoto aliyemzaa.

Ilianza siku ya misa yake ya kwanza. Wazazi walipiga magoti, padri mpya akawawekea mikono kichwani, kanisa zima likalia. Hiyo naielewa, ni ya siku moja. Lakini bibi hakuacha. Kila baba mdogo alipokuja nyumbani kutoka parokiani kwake, kabla hata hajaketi, bibi alikuwa tayari yuko chini. Na yeye, mtu aliyenyonya kifua kile, alimwacha ashuke. Sikumsikia hata siku moja akisema, mama, inuka.

Magoti yenyewe yalikuwa mabovu. Yalivimba mpaka ngozi ikang'aa, na daktari alishamkataza kuyakunja. Wakati nyumba ilipokuwa na sakafu ya udongo, angalau palikuwa na nyasi. Shangazi yangu, binti mkubwa wa bibi, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika na ndiye aliyekuwa akimtunza, alizikata mwenyewe na kuzitandaza sebuleni, kama tunavyofanya mgeni anapotarajiwa. Bibi akishuka, alishukia pahala laini, penye harufu nzuri.

Kisha ikaja jubilei ya upadri wa baba mdogo. Waumini wakamchangia, akaweka vigae sebuleni kwa mama yake, vigae vyeupe vinavyoteleza, wageni wasije wakaona aibu. Na akatangaza kwamba nyasi sasa basi. Alisema nyumba alikozaliwa padri haiwezi kutandikwa kama nyumba ya mizimu. Alisahau kwamba yeye mwenyewe alijifunza kutambaa juu ya nyasi hizo hizo, na kwamba sauti yake ya kuamrisha aliirithi kwa yule mzee wa mizimu anayemwonea haya. Nyani haoni kundule.

Jumapili moja aliarifu kwamba angekuja kula chakula cha mchana na wageni wawili. Nilitoka Bukoba asubuhi kwenda kumsaidia shangazi. Tulimenya ndizi, tukaziunga na maharage, tukakaanga samaki. Chakula kilipokaribia kuiva, shangazi alitoka nyuma ya nyumba, akarudi na nyasi za kujaa kwapani, akazitandika mbele ya kiti cha padri, mahali padogo tu, pa magoti mawili.

Baba mdogo aliingia akicheka na wageni wake. Akaziona nyasi. Kicheko hakikukatika, ila aliinama akamnong'oneza shangazi jambo. Shangazi, dada yake aliyembeba mgongoni, akapiga magoti, akazizoa kwa mikono na kwenda kuwatupia mbuzi. Baba mdogo alimtazama mpaka akamaliza, akamwonyesha na jani moja alilolisahau chini ya kiti. Alikuwa amejipaka marashi mazito siku hiyo. Mpaka leo nikiyanusa kwa mtu mwingine nahama nilipokaa.

Ndipo bibi akatoka chumbani na kushuka juu ya vigae. Alishuka kidogo kidogo, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye kiti, na goti la kwanza lilipogusa chini nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Baba mdogo akamwekea mkono kichwani. Wakati huo huo mgeni mmoja akamwuliza kuhusu mabati ya kanisa jipya, naye akaanza kumjibu. Mkono ulikuwa pale pale kichwani kwa mama yake, kama mtu aliyeegemea nguzo ya baraza akipiga soga. Alieleza habari ya mabati, akaeleza na ya fundi aliyewatoroka, wakacheka. Alipomaliza kucheka akambariki.

Nilipotaka kumwinua bibi kabla ya hapo, aliusukuma mkono wangu. Wageni wakasema wamefurahi kuona imani ya mama mzazi. Nilikwenda jikoni nikakaa huko, maana mdomo wangu naujua.

Walipoondoka nilimkanda bibi magoti kwa maji ya moto, na hasira zote zikanitoka. Nilimwambia yule ni mtoto aliyemfunga nepi, si Mungu. Nilimwambia asithubutu kushuka tena kwenye vile vigae, na kwamba hata yule mzee wa mizimu hakuthubutu kupigiwa magoti na mama yake. Hilo la mwisho sina ushahidi nalo, lakini nililisema kwa nguvu kuliko mengine yote. Bibi alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Omwana wange," akasema, "tangu alipokwenda seminari akiwa mdogo, hanigusi. Nikimpa mkono ananipa vidole. Nikipiga magoti, mkono wake wote unakuwa hapa." Akajishika utosini.

Nilichovya kitambaa tena kwenye maji ya moto, nikaendelea kumkanda. Miaka yote nilimhurumia kwa kudhani haoni anavyodhalilishwa, kumbe alikuwa anaona kuliko sisi sote, na ameshaamua. Chuki yangu haikupungua. Iliongezeka, kwa sababu sasa nilijua kilichokuwa kikinichefua. Walimchukua mtoto wa watu akiwa na meno ya utoto, wakamrudisha mtu mzima asiyejua kumshika mama yake ila kwa kumbariki. Na sisi nyumbani tukachinja ng'ombe, tukashangilia.

Miezi michache baadaye bibi akawa mtu wa kitandani. Paroko wa pale Ijumbi alishampaka mafuta ya wagonjwa, na baba mdogo alikuja siku ya pili yake kumwona. Nilikuwepo. Hakuingia hasa, alisimama mlangoni, kanzu yake nyeupe ikiwa safi, harufu ya chumba cha mgonjwa ikimfanya apumue kwa mdomo. Bibi alipomwona alianza kuhangaika na blanketi. Alikuwa anatafuta jinsi ya kushusha miguu. Shangazi akamshika mabega.

"Mama, usihangaike kupiga magoti," baba mdogo akasema. "Nitakubariki kutoka hapa hapa."

Maneno hayo niliyangoja miaka mingi, na siku alipoyasema nilitamani kumzaba kofi. Aliinua mkono, akachora msalaba hewani, kati ya mlango na kitanda. Bibi alikuwa ameshainamisha kichwa. Alikaa hivyo, anasubiri, nywele zake chache zimelala upande mmoja. Baba mdogo alikwisha kushusha mkono na alikuwa anaangalia saa.

Sikufikiri. Nilimshika kiganja baba yangu mdogo, kile kilichopakwa mafuta na askofu, kile kinachobusiwa na watu wazima, nikamvuta mpaka kitandani na kukiweka juu ya kichwa cha mama yake. Alishtuka, lakini hakukitoa. Mara tu kiganja kilipogusa nywele, mdomo wake ukaanza wenyewe, kwa jina la Baba na la Mwana.

"Leo usisali, waitu, mwanangu," bibi akasema. "Nyamaza tu."

Akanyamaza. Nilimwona akitafuta la kufanya na mkono wake, mtu mwenye mvi, mhubiri anayesifiwa Muleba nzima, na hakulipata. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Havikukunjika hata kidogo kuufuata mviringo wa kile kichwa. Shangazi aligeuka akatazama dirishani.

Kisha baba mdogo akauondoa mkono, akamwuliza shangazi kama kuna maji ya kunawa. Shangazi akaenda kuleta maji, na bibi alikuwa bado ameinamisha kichwa.