Vitunguu Chini, Mama Juu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku nyumba ya kwanza ya ghorofa ilipopigwa bati kwenye mtaa wetu wa kando ya mto, hapa Karatu, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Kabla yake, ukisimama kwenye daraja la zege, lililokuwa jipya wakati ule, uliona mahindi, mbaazi na matembe ya udongo yaliyoinama, basi. Nyumba yenyewe ilikuwa na ghorofa moja tu, lakini nakwambia, mawingu kutoka Ngorongoro yalikuwa yakifika pale yanapiga hodi.

Zege lake nilichanganya mimi. Tena nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo hapakuwa na jambo duniani nisiloweza kulieleza. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola, akatupangisha vyumba viwili. Cha chini akaingia dada yangu na mumewe, Tluway. Cha juu yake nikakiweka kwa ajili ya mama.

Mama alikuwa akiishi kwenye tembe la udongo lililochimbiwa ukingoni mwa mto. Masika yalikuwa yameanza, na maji yalikuwa yanaumega ule ukingo kama mtu anavyomega ugali. Mama akasema hahami.

Nikamhutubia wiki nzima! Nikamweleza nguvu za nondo. Nikampeleka mpaka kwenye ngazi, nikapanda kinyumenyume na mfuko wa saruji kichwani, aone kwamba ngazi haziumi mtu. Yeye akakaa zake akichambua mbaazi.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza, mama."

"Umeongea mpaka ng'ombe wamesinzia. Sasa hebu niulize kwa nini sitaki."

Mwanangu, nilikuwa sijauliza! Nikauliza.

"Chini ya hicho chumba analala nani?"

"Tluway."

"Mkwe wangu, ambaye hata njiani nampisha! Nitembee juu ya kichwa chake? Nivue nguo juu ya kitanda chake? Bora mto unichukue nikiwa na heshima yangu."

Nilikimbia kwa mwenye nyumba kwa kasi ya swala. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akakubali tubadilishe vyumba. Tluway na dada wakahamia stoo yake ya vitunguu, ya mwisho kabisa upande wa pili, na vitunguu vikaja chini ya chumba cha mama. Siku tulipovihamisha, nusu ya Karatu ilitokwa na machozi. Mama akapanda ngazi bila kushikwa mkono, kama msichana.

Mvua kubwa ikaja wiki ileile. Kulipokucha mama alisimama kwenye baraza ya juu, akapatazama palipokuwa na tembe lake. Maji mekundu matupu. Nilikaa kwenye ngazi, nikapumua kama mtu aliyeteremshwa mzigo wa lori zima.

"Nyumba imekwenda," akasema. "Haya, niletee mbaazi zangu."

Sasa maghorofa yanaota kando ya mto ule kila mwaka. Jenga, mwanangu, jenga hata yafike mwezini. Lakini kabla hujamwita mtu mbishi, muulize kwa nini anakataa, kisha funga mdomo mpaka amalize. Mungu akupe msingi usioyumba, akuachie wazee wako siku nyingi, na chini ya chumba cha mama yako akuwekee vitunguu.