Jua Lililoingia Kwenye Bani la Mzee Kasimiri

Siku jua lilipopatwa, nyumbani kwao Mtendeni, mjini Tabora, mabinti walifungiwa ndani. Fakhria alikuwa na miaka tisa. Bibi yake alishusha mapazia, akaziba ufa wa dirisha kwa kanga, akawakalisha wajukuu mkekani wamtaje Mungu. Wanaume walikuwa msikitini, wakiswali swala ya kupatwa kwa jua. Fakhria alimtaja Mungu kwa ulimi, masikio yakiwa uani: jogoo aliwika mchana kweupe, mbwa wa jirani akalia kama aliyefiwa, kisha kukatulia kimya ambacho hakuwahi kukisikia tena. Dirisha lilipofunguliwa, kila kitu kilikuwa palepale, ndoo na kamba ya nguo. Jambo kubwa lilikuwa limepita juu ya paa lao, naye hakuliona.

Ukitaka kujua kwa nini binti wa ukoo wa wauza vitambaa, ukoo ulioingia Tabora na misafara ya Bagamoyo ukasahau kuondoka, aliacha duka la baba yake akaenda kusomea fizikia, anzia kwenye dirisha hilo.

Alifundisha sekondari hadi nywele zikaanza kuingia mvi. Kisha akanunua darubini, akaanza kuizungusha kwenye minada na stesheni za reli. Watu walimtania. "Bi Fakhria, huko juu kitenge wanauzaje?" Naye alijibu, "Huko hawavai, ndiyo maana sijafungua duka." Jioni moja huko Kigwa, mkulima mmoja aliutazama mwezi, akautoa uso wake taratibu kwenye kioo, akasema, "Masikini, naye aliugua ndui." Fakhria alicheka mpaka akakaa chini. Kwa maneno kama hayo alizidi kuipenda kazi yake. Baadaye redio ya mjini ikampa kipindi, na sauti yake ikafika mahali ambapo darubini haikuweza kufika.

Ndipo ikatangazwa kwamba jua litapatwa tena, na upande wa Tabora litabaki kipande chembamba tu. Juma zima Fakhria aliwaonya wasikilizaji: jua la siku hiyo hula jicho bila maumivu, mtu asilitazame kwa macho matupu. Akaahidi kuipeleka darubini Goweko, ambako Mzee Kasimiri, mkulima wa tumbaku na mwenyeji wake wa siku nyingi, alimwambia kijiji kizima kitamsubiri. Hakumwambia mtu kwamba anakwenda kwa ajili ya yule binti wa miaka tisa pia.

Alifika akakuta Goweko imehama. Uwanja wa shule ulikuwa na kuku tu. Alisimamisha darubini, akafunga kioo cheusi mbele yake, akachungulia: jua lilikuwa limekwisha kumegwa upande mmoja. Moyo ukamruka. Ndipo akasikia rozari ikisaliwa mahali fulani kwa sauti za watu wengi, sauti zilizozibwa. Zilitoka kwenye bani, lile banda refu la kukaushia tumbaku, lisilo na dirisha hata moja.

"Hodi!"

"Nani huyo yuko nje saa hizi?"

"Mimi, Fakhria."

"Mwalimu? Mwalimu mwenyewe!" Ilikuwa sauti ya Kasimiri. "Unafanya nini nje? Si umesema jua litakula watu macho?"

"Nilisema msilitazame, mzee wangu. Sikusema mkajifiche na tumbaku!"

"Sasa mtu akae nje asilitazame? Mimi najijua."

"Tokeni, nina kioo cheusi."

"Tukifungua litaingia."

Mke wake, Apolinaria, akadakia: "Mwalimu, wewe ndiye uingie. Na hilo jua lako liache hukohuko."

Fakhria aligeuka kuitazama darubini yake. Vivuli vilikuwa vimeanza kuchongoka, na mwanga ulikuwa umepauka kama chai iliyozidishwa maji. Kilele kilikuwa karibu. Ndani ya bani mtoto alikuwa akilia, kile kilio cha mtoto aliyeambiwa kwamba kuna kitu nje. Hofu ile ilitoka kinywani mwa Fakhria mwenyewe, ikapita redioni, ikafika hapa ikiwa imenenepa. Akasukuma mlango, akaingia, akaufunga.

Ndani kulinuka tumbaku ya msimu uliopita. Watu walikuwa wamefumba macho. Alifungua kinywa awaeleze, akakuta cha kueleza kimemtangulia. Paa lilikuwa la mabati makuukuu yenye matundu ya misumari, na sakafu nzima ilikuwa imejaa jua: vijipande vyenye pembe, kama miezi michanga iliyomwagika.

"Fumbueni macho. Tazameni chini. Hili halimdhuru mtu."

Apolinaria alikuwa wa kwanza. Alikinga kiganja, kajua kamoja kakatua humo. "Halichomi," akanong'ona. Akampa mtoto aliyekuwa akilia, na mtoto akanyamaza ili alishike.

"Limeliwa kweli!"

"Lako jembamba, langu hili hapa nono."

"Nono wapi? Sogea!"

Vipande vilizidi kukonda hadi vikawa kama kucha. Fakhria alitazama mlango. Safari hii hapakuwa na bibi wala pazia. Hatua chache tu. Apolinaria akamshika mkono wa baibui. "Mwalimu, jua si moja? Mbona hapa yamekuwa mengi?"

Akabaki. Alieleza kwa vidole, kwa ungo, kwa kitobo cha kanga, jinsi kila tundu linavyojipitishia jua lake, likalichora sakafuni. Walipotoka, kucha ile ilikuwa imekwisha kuota nyama. Alichungulia darubini, akalitazama jua likijaa. Lingine kama hilo pengine hataliona. Aliwapisha watu wapange foleni.

Jua lilipokuwa zima, zogo likazuka ndani ya bani.

"Unatoboa bati kwa panga! Mvua ikija, tumbaku utaianika kitandani kwako?" Apolinaria alimfokea mumewe.

Kasimiri alikuwa juu ya ngazi. "Nyamaza, Mama Kulwa. Mwalimu, njoo uone. Hili tundu nimelitoboa la pembe tatu, makusudi. Kule chini mbona ni duara?"

Fakhria aliitazama sakafu, kisha paa, kisha sakafu.

"Toboa na la pembe nne kwanza," akasema, "halafu tubishane."