Kumtazama Mpiga Picha

Juma lililopita nilikuwa katika studio moja mtaani Rhonda, nikingoja picha za pasipoti. Mwenye studio, mwanamke wa makamo, alikuwa amewapiga watu picha miaka mingi, lakini hakuwa na hata moja yake na mamake mzazi. Siku hiyo mamake alikuwa ameteremka kutoka Kuresoi. Binti aliisimamisha kamera, akaiunganisha na simu bila waya, kisha akaketi kando ya mamake.

"Mum, angalia kamera."

"Nani anapiga?"

"Ni mimi. Nabonyeza hapa kwa simu."

"Basi ni wewe naangalia. Sisi tulifunzwa kuangalia mwenye anapiga."

"Aki Mum! Kamera iko pale!"

"Pale hakuna mtu."

Binti alibonyeza mara nne, na mara zote nne bikizee alikuwa amemgeukia. Mara ya tano binti alishindwa kujizuia, akacheka, akamtazama mamake usoni, na kidole kikabonyeza.

Nimesoma mengi kuhusu adabu ya macho, na mengi yanahimiza tuyainamishe mbele ya mtu, si kumtazama kama bikizee yule. Jana nilipopita pale, niliikuta picha hiyo ya tano imetundikwa mlangoni, na mteja akiuliza ni nani aliyewapiga bila wao kujua.