Dole la Bibi Milembe Katika Kitabu cha Ubatizo

Enzi zetu mtoto hakuwa na tarehe ya kuzaliwa, alikuwa na msimu. Ungemuuliza mama yangu nilizaliwa lini, angekujibu kwamba mvua za kupandia zilikuwa zimeanza, mtama umeota vidole vinne kutoka ardhini, na yule ng'ombe mwekundu ana mimba. Basi, umeshajibiwa. Ndiyo maana nikaitwa Kabula, mtoto wa mvua. Wajukuu zangu wa leo wana tarehe, wana keki, na wakishakua wanaviziana na ndoo za maji na kulowanishana mpaka nguo zinaharibika, ati wanasherehekea kuzaliwa. Sisi tulimwagiwa maji mara moja tu maishani, tukiwa wachanga, kanisani, na ikatutosha.

Kanisa letu lilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bariadi, na hiyo Bariadi ya miaka ya hamsini ilikuwa maduka machache ya bati na vumbi la pamba. Kuta za kanisa zilikuwa za matofali ya udongo, paa la nyasi, na madirisha yalikuwa matundu matupu, mbuzi akitaka kusikiliza mahubiri anasikiliza. Tulikuwa Waanglikana wachache katikati ya wafugaji ambao hawakuona sababu ya kubadili chochote. Mchungaji alikuwa akitujia kwa baiskeli mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Siku nyingine zote baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa kanisa, ndiye aliyesalisha, akafundisha watoto kusoma, na akatunza Kitabu.

Nikisema Kitabu sina maana ya Biblia. Biblia tuliruhusiwa kuigusa. Kitabu kilikuwa rejista ya ubatizo, jalada jeusi, na ndani yake majina yetu sote: jina la nyumbani, jina la ubatizo, baba, mama, mdhamini. Baba alinawa mikono kabla ya kukifungua. Alikuwa na msemo wake, "Mtu asiyekuwemo humu ni ng'ombe asiye na alama. Akipotea, nani atasema ni wake?" Kwa watoto wa Kisukuma hakuna fundisho lingetuingia zaidi ya hilo.

Nakumbuka Jumapili za ubatizo kwa tumbo kuliko kwa kichwa. Siku za kawaida tulikula ugali wa mtama kwa mlenda, na asubuhi michembe, viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa mpaka vinateleza kooni vyenyewe. Lakini siku ya ubatizo wamama walipika wali na furu wakavu walioletwa kutoka ziwani, upande wa Lamadi, na chai ilitiwa sukari bila kuhesabu vijiko. Watoto wa siku hizi wanaibeua chai na kutaka soda. Wangeonja ile chai ya ndoo, yenye harufu ya moshi, wangenyamaza.

Na kila siku ya ubatizo, nje ya kanisa, chini ya tundu la dirisha la pili, alikaa bibi yangu Milembe, mama mzazi wa baba. Bibi hakubatizwa na hakutaka kubatizwa. Alikuja na kigoda chake, akanyoosha miguu, akachambua mboga. Aliyemwuliza anafuata nini alijibiwa kwa Kisukuma na kicheko, kwamba anafuata chai. Ilikuwa inajulikana pia kwamba siku moja tu hakuja, nayo ni siku ya ubatizo wangu. Mimi nilikuwa mjukuu wake wa kwanza, jina la Kabula alinipa yeye, na baba alipomwambia kwamba kanisani nitapewa lingine, bibi aliwaka. "Kwani hili nililompa limeoza?" Akaapa kwamba siku hiyo atakuwa shambani anapalilia, na kwa miaka yote iliyofuata akajisifu mbele ya kila mtu kwamba alipalilia kweli, tena mistari saba. Jina langu la Debora halikupita mdomoni mwake hata mara moja. Baba alikuwa akiinama tu. Nadhani hakuna kilichomuuma maishani kama ile mistari saba.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nimezunguka vya kutosha.

Wakati wa mavuno watu walileta sadaka ya pamba. Wamama walikuja nayo vichwani kwa vikapu, tukaichambua, nyeupe huku na ile chafu iliyoitwa fifi kule, halafu ikarundikwa chumba cha nyuma cha kanisa kungoja gari la kuipeleka sokoni. Kazi ya kufagia chumba kile ilikuwa yangu na rafiki yangu Minza. Sijui kama kuna mtoto wa leo aliyewahi kuruka kutoka juu ya dirisha na kuzama kwenye pamba mpaka shingoni. Inakumeza kimya kimya, ina joto la jua ndani yake, na ukitoka una mbegu mpaka masikioni. Tulikatazwa, kwa hiyo tuliruka kila siku. Kilichotusumbua ni sanduku la mbao la baba la kutunzia Kitabu, lililokaa juu ya meza pale tunapotua. Nikalishusha, nikalisukuma mpaka ukutani, sakafuni, pamba ikalifunika. Minza aliniambia tulirudishe. Nikamwambia kesho.

Kesho hiyo ilichukua wiki sita. Gari lilipokuja na pamba ikaondoka, baba alilikuta sanduku lake likiwa na udongo pembeni. Alipolifungua, mchwa walikuwa wameshakula Kitabu. Lilibaki jalada na vipande vya karatasi kama makapi. Baba hakuuliza nani aliyelishusha. Aliketi palepale sakafuni, akaanza kuokota vipande na kuvipanga juu ya goti lake, kama vingeweza kushikana. Nilikuwa mlangoni na ufagio. Nikaendelea kufagia.

Ubaya ni kwamba askofu alikuwa anakuja baada ya wiki tatu kutoa kipaimara, na darasa letu lilikuwa limejiandaa mwaka mzima. Mchungaji alipokuja na baiskeli yake na kukuta jalada tupu, alivua kofia. Alikuwa mtu wa Ugogo, mpole, hajui Kisukuma zaidi ya kusalimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi, hata jioni. Akaamua hivi: Kitabu kipya kitaandikwa, na kila jina litaingia kwa shahidi, mtu mzima asiye baba wala mama, aliyeona kwa macho yake maji yakimwagwa. Asiye na shahidi atangoja ziara nyingine ya askofu, na hakuna aliyejua itakuwa lini.

Ndipo ilipogundulika kwamba Wakristo wenyewe hawakumbuki. Walikuwa wamefumba macho wanasali! Mmoja anasema Minza alibatizwa pamoja na Yohana, mwingine anasema sivyo. Katika mabishano hayo sauti ikaingia kwa tundu la dirisha. "Minza? Ni Jumapili ile ng'ombe wa Masanja mwenye pembe moja alizaa mapacha. Alibatizwa yeye na yule mtoto wa Holo mwenye masikio makubwa." Watu wakapiga hesabu za mapacha wa ng'ombe, wakakuta ni kweli kabisa. Baba akatafsiri, mchungaji akashangaa, bibi akaitwa ndani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliingia na kigoda chake.

Mzee mmoja alilalamika kwamba mpagani hawezi kushuhudia ubatizo. Mchungaji alifikiri, kisha akasema, "Mimi nimemtaka aliyeona. Huyu ameona." Karani wa pamba akaombwa kidau chake cha wino wa zambarau, kile ambamo wakulima walichovya dole wakiuza, na kwa siku mbili bibi alitaja majina na kubandika dole gumba lake mbele ya kila moja. Aliwakumbuka wote, kwa ng'ombe, kwa nzige, kwa mtama uliooza. Sikuwahi kuona mtu anafurahia kazi namna ile.

Nikabaki mimi. Nilibatizwa msimu wa palizi, mvua inanyesha, watu wako mashambani. Kanisani walikuwapo wazazi wangu, mchungaji wa zamani ambaye alikuwa ameshafariki, na mdhamini wangu, ambaye alihamia Geita na hatukujua alipo. Baba alipomgeukia mama yake na kumwuliza kwa sauti ndogo, bibi alitazama mlangoni. "Yaya," akasema, yaani hapana. "Siku hiyo nilikuwa napalilia." Mchungaji akafunga Kitabu kwa siku hiyo, akasema kesho Jumapili baada ya ibada atatia sahihi yake ya mwisho.

Jioni nilimfuata bibi kisimani. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba Mungu ananilipa kwa ajili ya lile sanduku, na uzito ulikuwa umenizidi. Nikamwambia yote, pamba, kuruka, na ile kesho yangu ya wiki sita. Nililia mpaka kamasi. Bibi alisikiliza huku akijaza mtungi. Nilingoja anichape au anicheke. Alichosema ni, "Baba yako unamwambia lini?" Nikasema naogopa. Akatikisa kichwa polepole. "Hata mimi," akasema, akajitwisha mtungi na kuondoka. Sikumwelewa.

Kesho yake baada ya ibada mchungaji alifungua Kitabu na kuuliza kama kuna jina lililosalia. Bibi alisimama. Alianza kusema Kisukuma, na baba akatafsiri sentensi kwa sentensi kama alivyozoea.

"Anasema kuna mtoto mmoja amebaki," baba akasema. "Anasema jina lake ni..." Akasita. "Debora."

Watu waligeuka. Bibi akaendelea. Alisema siku ile kweli alikwenda shambani na jembe lake. Alipalilia mstari mmoja. Halafu akaliacha jembe kwenye matope, akazunguka nyuma ya kanisa, akasimama kwenye mvua chini ya dirisha la pili. Baba alikuwa ameacha kutafsiri. Mchungaji akauliza, "Mwalimu, amesema nini?"  Kanisa zima lilikuwa limeelewa, isipokuwa mgeni peke yake.

"Mwambie," bibi akasema. "Mwambie mtoto alimnyang'anya yule mchungaji wa zamani miwani, ikatumbukia kwenye beseni la maji, naye akaitafuta huku anasali. Nilijiziba mdomo kwa kaniki nisicheke mkanisikia."

Baba alikuwa hajamsimulia mtu jambo lile hata mara moja, maana aliona ni dhambi kumcheka mtumishi wa Mungu. Alimtazama mama yake. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, huku anamtafsiria mchungaji maneno nusu nusu. "Mayu," akamwambia, "miaka yote hii, mistari saba?" Mayu ndiyo mama. Bibi akajibu, "Mmoja. Nao niliupalilia vibaya." Akanyoosha mkono kuomba wino.

Nilipata kipaimara askofu alipokuja, nimevaa gauni jeupe la kuazima. Nilifurahi mno. Lakini sitasema uongo katika uzee huu: bibi alipokuwa amesimama pale, alinitazama mara moja, na mimi nilijua ananingoja. Nafasi ilikuwepo. Nilikaa. Yeye alikula kiburi chake cha miaka kumi mbele ya watu wote kwa ajili yangu, nami sikuweza kusema habari ya sanduku. Hakunisema popote. Alikufa bila kubatizwa, tukamzika nyumbani karibu na zizi, kama alivyotaka. Baba alimfuata miaka mingi baadaye, akiamini mpaka mwisho kwamba kosa lilikuwa lake, hakuliangalia sanduku.

Mwaka jana nilirudi kule kumtafutia mjukuu wangu karatasi za ubatizo. Siku hizi kanisa ni la bati na vioo, Bariadi imekuwa mji mkuu wa mkoa, na kutoka stendi nilifika kwa bodaboda kabla sijamaliza kusali. Katibu wa parishi ni binti mzuri mwenye adabu, alikuwa anaingiza kumbukumbu zote kwenye kompyuta. Wana haraka hawa, na ninawapenda kwa hilo. Wanapata kwa dakika moja kilichotuchukua siku mbili na ng'ombe mwenye pembe moja. Akanionyesha Kitabu. "Samahani, bibi," akasema, "kurasa za mwanzo zilichafuka wino. Hayo madoa nimeyaacha, nimechapa majina tu."

Nikavaa miwani. Alama zilikuwa zimefifia, zambarau imekuwa kahawia, lakini zilikuwepo, dole baada ya dole, ukurasa baada ya ukurasa. Jina la Milembe halimo popote kati ya waliobatizwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeingia mle bila mkono wake. Mbele ya Debora alama ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu kuliko zote. Nikamweleza yule binti madoa yale ni ya nani, naye akaondoa mkono wake juu ya ukurasa taratibu.

Juu ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na mwandiko wa baba: Kitabu cha kwanza kililiwa na mchwa kwa uzembe wa mwalimu.

Nilimwomba binti kalamu. Chini ya maneno ya baba nikaandika kwamba si mwalimu, sanduku lilishushwa na Debora Kabula, binti yake, alikuwa anacheza. Binti akaniambia nitie sahihi. Najua kuandika, baba alinifundisha mwenyewe. Nikamwuliza kama ofisini kwao kuna wino wa dole.